Siku Moja Songea

Tulimpeleka bibi harusi wetu kwa wakwe zake Mbinga, na baada ya walima mawifi wakatupandisha basi hadi Songea, Makumbusho ya Majimaji. Sisi wa Unguja tulitaka picha tu, hata mitandio tumeshapanga rangi!

Mwongozaji akatusimamisha penye kaburi la pamoja. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake pembeni. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo akaomba radhi.

Simu tukazirudisha mikobani. Bibi harusi, hina bado mbichi, akamwuliza wifi yake taratibu, "Na wa kwenu wamo?"

"Wamo."

Akamshika mkono. Mpaka tunapanda basi hakumwachia.