Manukato Mepesi Siku za Joto

Anayeishi Kikatiti hahitaji kuelezwa kiangazi ni nini. Mlima Meru tunauona kila asubuhi, na kileleni kuna baridi kali; lakini huku chini, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, Januari na Februari ni miezi ya jua na vumbi. Kanzu iliyopigwa pasi alfajiri huwa imelowa jasho kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kijana wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 17, hupakia na kushusha mizigo sokoni. Mwaka jana niliona kwamba siku za Ijumaa anaswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Baadaye akaacha kwenda kabisa. Nilipomuuliza kwa upole, alinieleza kuwa mtu aliyesimama kando yake alijitenga kwa sababu ya jasho. Ijumaa iliyofuata alijipaka mafuta mazito ya udi, na mzee mmoja mwenye pumu akakohoa hadi akatoka nje. Tangu hapo aliona ni heri abaki nyumbani.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Nilikumbuka riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sahih Bukhari, kwamba watu walikuwa wakiijia Ijumaa kutoka viungani mwa Madina wakiwa na vumbi na jasho. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza, aliwahimiza wajisafishe kwa ajili ya siku hiyo. Nilikumbuka pia mafundisho yaliyopokewa na Imam Muslim, kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Rehani hiyo ndiyo iliyotupa jina la mrehani, mmea ambao mama zetu wa pwani huutia katika vikuba pamoja na asmini na mlangilangi.

Tukaanza na maji. Jasho jipya halina harufu kubwa. Huvunda pale vijidudu vya ngozini vinapolichakachua. Kwa hiyo manukato juu ya mwili usiooshwa hayafichi kitu, bali huongeza harufu ya pili. Mama yake humwekea ndoo moja ya maji kila Ijumaa, hata wakati maji ni ya kununua, pamoja na sabuni na kanzu safi.

Kisha tukachagua harufu. Udi, miski na ambari hupaa polepole na hudumu kutwa, na joto la mwili huzidisha ukali wake. Mchaichai, limau na marashi ya waridi ni mepesi: huburudisha, kisha hutoweka bila kumlemea jirani. Tukanunua chupa ndogo ya marashi ya waridi. Huyanyunyiza kwenye kanzu, si kwenye ngozi, naye huuacha udi kwa usiku wa baridi. Jambo moja la kutahadhari: usijipake maji ya ndimu mwilini kisha ukatoka juani, kwani huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Kijana amerudi msikitini. Mzee yule sasa humpa mkono baada ya swala, nami sikuwahi kumwomba afanye hivyo.

Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi hutoka kazini moja kwa moja wakaingia kwenye safu. Jasho lao ni la riziki ya halali. Baba na amwekee mwanawe maji na nafasi ya kuoga, na amfundishe kwamba manukato hupimwa pia kwa raha ya aliye jirani. Nasi tulio kwenye safu, tukimhisi mwenzetu, tusijitenge naye. Neno la faragha baada ya swala hutengeneza, ilhali hatua moja ya kujisogeza pembeni yaweza kumtoa mtoto wa mtu msikitini kwa miaka.