Lafudhi ya Mzee Ojwang

Nikiwa mtoto Busia, jirani alituachia dirisha wazi tuangalie Vitimbi ya KBC. Mzee Ojwang akibishana na Mama Kayai, sisi watoto wa wakimbizi tuko chini kwa kicheko. Nilijua ni Mjaluo kabisa! Alipofariki Julai 2015 ndo nikasikia: Benson Wanjau, Mkikuyu. Lafudhi ya kuazima, na watu wakampenda nayo miaka yote ile. Mimi mpakani nikisema “jambo” tu, naulizwa kitambulisho.

Sasa kikundi changu cha vijana Tororo tunaigiza, kila mtu achague lafudhi. Juzi dada mmoja, haongeaga kabisa, akachagua ya askari wa mpakani. Tulicheka mpaka akajifunika uso. Halafu akarudia, kwa sauti zaidi.