Baraza Yetu na Makaro Yake

Kwetu Masisi nyumba haianzi mlangoni, inaanzia kwenye baraza. Hapo mgeni anatua mzigo, hapo wazee wanakata maneno. Neno lenyewe limetoka mbali: kule Lamu na Unguja, baraza ni benchi ya mawe mbele ya nyumba, watu wanaketi na kuongea. Lilipofika Kongo, hata Wabelgiji walilichukua, wakasema "barza" katika Kifaransa chao. Na baada ya vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto katika Walikale na kuenea mpaka Masisi, wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipounda kikao cha kupatanisha watu, walikiita Barza. Hawakutafuta jina lingine.

Kwa hiyo kuchagua kitu cha kuweka chini kwenye baraza si jambo la pesa peke yake. Sisi tulijifunza hayo kwa kuumia.

Kwa wazazi wetu baraza ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa. Mama alikuwa anaipaka mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo, ikikauka vumbi linatulia. Mutu alifika na matope yake, akaketi. Kesho yake mama alifagia, basi.

Mwaka 2012 tulijenga nyumba yetu ya mbao na bati, juu ya msingi wa mawe na simenti. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Tulikusanya kidogo kidogo. Ndugu yetu mmoja anayeishi Goma akasema: "Nyumba ya mwalimu haiwezi kuwa na simenti tupu kama depo. Muweke makaro." Tukaweka makaro meupe yenye kung'aa, yale yanayopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam mpaka Goma. Barabara ya kupanda kutoka Sake ilivunja mengine, yaliyobaki yalitosha.

Tulisifiwa sana. Lakini polepole tuliona kwamba watu wanasimama chini kwenye majani, wanapiga hodi toka mbali. Waliotoka shambani na bote zao hawakupanda tena. Siku moja mama mkwe alifika na kitunga cha maharagi. Akatazama yale makaro, akauliza: "Batoto, hapa mutu anakanyaga wapi?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Akavua bote, akapanda miguu mitupu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, akateleza, mkono ukavunjika. Ulichukua miezi 3 kupona. Toka siku ile, akija kwetu, alipitia jikoni. Kila mtu wa kwetu anajua aibu ya mama mkwe kuingilia mlango wa jikoni. Tuliweka gunia mbele ya mlango, tukamwomba msamaha, lakini hakurudi kuketi pale.

Mwaka 2024 vita vilitufukuza mpaka Goma. Tuliporudi mwaka 2025, bati zilikuwa zimeng'olewa, mbao nyingi zimekuwa kuni, nusu ya makaro imepasuka. Jioni ile ya kwanza majirani walikuja mmoja mmoja. Waliketi kwenye baraza, juu ya vile vipande, wakahesabu nani amerudi na nani bado. Hakuna aliyevua bote. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi baraza yetu kujaa.

Tulipoanza kutengeneza, wengine walituuliza: "Munajenga baraza ya nini, kesho mukikimbia tena?" Swali lao ni la haki, na hatuna jibu lingine ila jioni ile.

Safari hii tulikaa na masoni, tukapima. Baraza yetu ina mita 4 kwa 2. Kuijaza yote kwa makaro ya sentimita 40 kwa 40 kunahitaji 50, na mengine 5 kwa ajili ya yale yatakayovunjika. Masoni akatushauri mambo matatu. Kwanza, karo la nje lising'ae, liwe na uso wa kukwaruza. Umwagie maji palepale dukani, upitishe kiganja. Pili, sakafu iteremke kuelekea nje sentimita 1 au 2 kwa kila mita, maji yasisimame. Tatu, rangi ifanane na udongo wetu, ili matope ya mgeni yasionekane kama kosa.

Tuliweka safu 2 tu za makaro ya namna hiyo mbele ya mlango: makaro 20, na 2 ya akiba. Sehemu nyingine yote ni mawe bapa ya makoro, na simenti iliyopitishwa ufagio kabla ya kukauka. Ndugu yetu wa Goma bado anatucheka. Hatumlaumu, hata sisi tulipenda ule weupe. Ila kwa wenye kujenga tunasema hivi: kabla ya kuuliza bei ya makaro, muwaulize wazee watakaoketi hapo.

Mama mkwe alikuja juma lililofuata, mvua ikinyesha. Alisugua bote zake kwenye jiwe la mwisho, akapanda. Hakusema kitu juu ya makaro. Aliomba kiti.