Maandishi ya Robo Milimita

Nilijifunza kuandika mara mbili. Mara ya kwanza kwa chaki, kama watu wote. Mara ya pili nikiwa kijana mkubwa, kwa stensili na kalamu ya wino, katika chumba cha wachora ramani. Stensili zetu zilikuwa za milimita 2.5, 3.5, 5 na 7. Nambari hizo hazikutokea hivi hivi. Kila moja ni takriban mara 1.4 ya iliyoitangulia, sawasawa na jinsi karatasi zinavyokua kutoka A4 kwenda A3, A2 na A1. Ukipunguza mchoro hatua moja, herufi za 3.5 huwa 2.5, na stensili unayo mkononi ya kuongezea neno lililosahauliwa. Aliyebuni utaratibu huo alikuwa mtu wa busara.

Siku zile hatukuwahi kujiuliza maandishi yawe makubwa kiasi gani katika skeli hii au ile. Tuliandika juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa mbele ya macho yetu. Ramani iwe ya nyumba kwa 1:100 au ya bonde zima kwa 1:50,000, herufi ya milimita 2.5 ilibaki milimita 2.5.

Kompyuta haikuijua karatasi. Nilipoanza kutumia AutoCAD, jambo lililonitatiza si mistari bali maneno. Humo ndani unachora kila kitu kwa ukubwa wake halisi: bomba la mita 900 lina urefu wa mita 900, na skeli inakuja mwishoni, siku ya kuchapa. Kwa hiyo maandishi nayo yana urefu wa huko huko uwanjani. Ukitaka yatoke milimita 2.5 kwenye karatasi ya 1:500, zidisha 2.5 kwa 500: herufi zako ziwe na kimo cha mita 1.25, kama mtoto wa shule aliyesimama shambani. Kwa 1:5000 zinatakiwa ziwe mita 12.5, zinapita mkorosho. Hesabu ni nyepesi. Ugumu ni kukumbuka kuifanya upya kila karatasi inapobadilika, na mimi sikukumbuka.

Ilikuwa mwaka 2003, upande wa Mkunya, wilayani Newala. Anayeifahamu nyanda ya juu ya Makonde hahitaji kuelezwa maana ya bomba la maji pale. Nyanda imeinuka, udongo wake wa kichanga unameza mvua yote, na maji yako chini mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaona jinsi ardhi inavyoporomoka kuelekea Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo; kina mama wa vizazi vingi waliteremka miteremko ya namna hiyo na kupanda na ndoo kichwani. Kazi yetu ilikuwa ndogo, tawi la bomba la kufikia vituo vichache. Lakini hakuna mtu aliyeiona ndogo.

Nilichora karatasi za 1:500 kwa uangalifu. Mahali pamoja njia ya bomba ilikuta makaburi chini ya mikorosho, mengi hayana hata jiwe. Mzee mmoja alitembea nami akinionyesha kila moja kwa fimbo, na mara mbili alinirudisha nyuma kwa sababu nimekanyaga. Nikapindisha bomba mita 12 na kuandika: "Makaburi. Bomba lizunguke." Kisha nikatoa karatasi moja ya jumla kwa 1:5000, kutoka mchoro ule ule, bila kugusa maandishi. Yale ya mita 1.25 yakatoka na kimo cha robo milimita. Na kana kwamba haitoshi, karatasi hiyo ya A1 ikapunguzwa nusu kuwa A3, ili iingie kwenye begi la msimamizi wa uchimbaji. Pindo la mita 12 likawa milimita 1.2. Pembeni bado palisomeka "1:5000", na hapo ulikuwa uongo, maana skeli ya kweli ilikwisha kuwa 1:10,000.

Msimamizi aliona mstari ulionyooka. Akachimba mstari ulionyooka.

Nilipofika, kazi ilikuwa imesimama. Mfereji ulikuwa umeingia ubavuni mwa kaburi moja, na yule mzee ameketi mbele yake juu ya kigoda, mikono juu ya fimbo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Mjomba," akasema, "siku ile ulikuwa unaandika. Uliandika nini?"

Nikamwambia niliandika wazunguke.

"Wapi?"

Nikaifungua ile A3 juu ya magoti yake na kumwonyesha. Palikuwa na kidoa, kama kinyesi cha nzi. Akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali, kisha akanirudishia bila neno. Ningependa angenitukana.

Mfereji ulifukiwa, dua ikasomwa, na kazi ikachelewa wiki tatu. Wapo waliosema kosa ni la aliyepunguza karatasi. Sikukubali, na sikubali hadi leo. Njia ya kuweka maandishi katika ukurasa wa karatasi, mbali na uwanja wa mchoro, ilikuwemo ndani ya AutoCAD tangu 1990. Sikuwa nimejishughulisha kuijifunza. Baadaye, katika toleo la 2008, yakaja maandishi yanayojirekebisha yenyewe kufuata skeli. Ninayatumia na ninayashukuru, ingawa vijana ninaowafundisha huyaamini mno: huchapa bila kutazama.

Karatasi ya jumla niliichora upya wiki ile ile. Makaburi niliyawekea alama kubwa kuliko ukubwa wake wa kweli, jambo ambalo mwalimu wangu wa zamani angelikemea, na maneno nikayapa milimita 7 ili hata kwenye A3 yabaki 3.5. Chini ya skeli nikachora kipimo cha mstari, kinachopungua pamoja na karatasi. Nakala ya kwanza nilimpelekea mzee. Aliisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kisha akaikunja na kuiweka mfukoni mwa koti lake.

"Hii inabaki kwangu," akasema.