Aliambiwa Auze Miwani Wanunue Mabati, Akalileta Bwawa la Sultani Sebuleni kwa Bibi

Mzigo ulipofika Kilwa Masoko kutoka Muscat, mtaa mzima ulijua dada mtu katuma simu. Kufungua boksi, kumbe ni miwani, Meta Quest 3, ile ya uhalisia mseto. Ukiivaa unaona chumba chako kama kilivyo, halafu vitu vya kompyuta vinatokea humo humo, juu ya meza au pembeni ya kitanda.

Mama mtu aliuliza bei. Alipotajiwa akanyamaza, akatazama paa. Masika ilikuwa inakaribia na nyumba inavuja. "Mwanangu, uza hicho kitu tuezeke."

Kijana akaomba miezi miwili. Akaahidi kutengeneza programu ya kuwaonyesha watalii Kilwa Kisiwani ya enzi za masultani. Tatizo moja tu: hajawahi kutengeneza programu ya miwani hata siku moja.

Wiki nzima akakaa mbele ya laptopu, ukurasa mtupu, kichwa kinauma. Mshikaji wake wa Dar akamchana: "Kaka, unaanzaje na ghorofa? Anza na kodi za mfano."

Mama akadakia kutoka jikoni: "Kodi ya nini tena? Si nyumba yetu hii?"

Kodi za mfano ni programu ndogo ambazo watu wameshaziandika na kuziweka GitHub bure. Kila moja inakufundisha jambo moja: kushika kitu kwa mkono, kuona chumba kupitia kamera, kuitambua sakafu. Unaiendesha kama ilivyo kwanza. Ikikubali, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu tena.

Akanunua bando la usiku, akashusha zipu. Kufungua, nusu ya vitu havipo, faili zenyewe za baiti chache. Kumbe faili la README lilishasema: vitu vizito vimehifadhiwa kwa Git LFS, iweke hiyo kwanza, halafu vuta mradi kwa Git, siyo kwa zipu. Hakusoma. Bando likaenda na maji.

Miwani nayo ikagoma kupokea programu. Ilibidi ajisajili kama mtengenezaji, awashe hali ya watengenezaji kupitia simu, achomeke waya, kisha aivae na kukubali ombi linalotokea ndani. Ikakubali. Alipoanza kubadilisha mwenyewe, chumba kikawa giza totoro. Alikuwa ameacha rangi nyuma ya kamera ya Unity badala ya kuifanya angavu, ikafunika kila kitu.

Usiku huo dada akapiga simu. "Mdogo wangu, mama kanieleza. Nilijinyima kwa sababu ulisema unaweza. Kama imekushinda, uza, sitakasirika." Bora angetukanwa. Hakulala.

Asubuhi akapunguza ndoto. Kilwa nzima hapana. Achukue kitu kimoja: bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo. Picha za kuangalizia zilikuwepo, maana mwaka 2020 Google na CyArk waliiweka Kilwa Kisiwani mtandaoni kwa maumbo ya pande tatu. Akajenga la kwake kwa vibox tu, juu ya kodi ya mfano ya sakafu.

Jaribio la kwanza bwawa likaelea kifuani kama sinia. Kipimo kilikuwa kinaanzia usawa wa macho. Akakibadilisha kianzie sakafuni, bwawa likatua.

Akampelekea bibi yake, mzaliwa wa Kisiwani, ambaye miguu haimruhusu tena kupanda boti.

"Shikamoo bibi. Vaa hii."

"Marahaba. Isinipofue tu, mjukuu wangu."

Bibi akaivaa juu ya ushungi. Akakaa kimya. Akanyoosha mkono, akakamata hewa. Kisha akageuka kushoto, akageuka kulia, kama mtu aliyepotezewa kitu.

"Bwawa nimeliona. Bahari iko wapi?"

"Bahari?"

"Husuni iko juu ya mwamba, wewe. Ukisimama pale bahari iko chini yako, upepo unakupiga. Tulikuwa tunashuka mpaka ufukweni kuokota kome. Umeniwekea bwawa la watu wa bara!"

Nyumba nzima ikacheka. Mama akaomba naye avae. Alipovua, hakusema kitu kuhusu kuuza. Alienda kuchukua ndoo mbili akaziweka palipokuwa panavuja, akamwambia mwanawe: "Mpaka masika iishe. Na hiyo bahari uiweke."

Mabati bado. Bahari ndiyo inatengenezwa sasa hivi, kwa kodi ya mfano nyingine, na safari hii README imesomwa mpaka mwisho.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye mama: ungeuza miwani au ungeweka ndoo? Tiririka hapo chini.