Ukuta Tuliotaka Kuufuta kwa Siku Moja



Anayepita nyuma ya ukumbi wa vijana wa parokia yetu, upande unaotazama njia, huona mahali ambapo matofali yamepauka kuliko mengine. Doa hilo lina urefu wa kama hatua sita. Asubuhi, jua linapopiga ubavuni, mtu mwenye macho mazuri aweza bado kusoma herufi mbili tatu. Wageni wakituuliza ni nini, tumezoea kujibu kwamba ni unyevu. Leo tunataka kuwaandikia ukweli, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa wadogo wakati ule, na kwa kuwa makosa yaliyotendeka pale ni yetu sisi wakubwa.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya parokia. Tulipofika alfajiri kufungua ukumbi kwa ajili ya mafundisho, tulikuta maneno yameandikwa ukutani kwa rangi nyeusi ya kupuliza: FEDHA YA VYOO IKO WAPI? Mwaka mzima vijana walikuwa wamechanga. Waliuza maandazi, walibeba mchanga na mawe, ili vyoo vijengwe nyuma ya ukumbi. Vyoo havikujengwa. Sisi tuliokuwa katika kamati tulilijua jibu la swali lile. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la darasa la katekesi, na fedha ile ilinunua mabati. Hakuna aliyeiba hata faranga moja. Lakini waliochanga hatukuwaambia neno.

Badala ya kujiuliza tujibu nini, tulijiuliza tufute kwa nini. Wageni wangefika kesho yake, na tuliona aibu.

Mwandishi hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa kijana wa miaka 16, mwenye rangi nyeusi kwenye kidole cha shahada, naye hakukana. Tukamwambia, «Wewe uliyeandika, wewe utafuta.» Tuliona kwamba hiyo ni haki, tena ni malezi mema. Tukampa petroli na matambara.

Rangi ililainika upesi, tukafurahi. Kisha tuliona kwamba kila alipofuta, weusi ulienea badala ya kutoka, na tofali lilikuwa likiunywa. Hapo mmoja wetu akakumbuka soda kali, ile ambayo akina mama watengenezao sabuni huichanganya na mafuta ya mawese. Tuliinunua sokoni, imefungwa katika mfuko usio na maandishi yoyote. Tukaikoroga katika ndoo kwa kukisia, tukamkabidhi kijana ndoo hiyo pamoja na brashi ya waya. Glavu hatukumpa. Tulikwenda kupanga viti.

Herufi zilikuwa juu, naye alisugua mikono ikiwa imeinuliwa. Maji ya soda yakateremka kwenye viganja na mikono yake mpaka kwenye viwiko. Mtu akishika soda kali, mwanzo huhisi vidole vinateleza kama vyenye sabuni. Kwa kweli ni sabuni. Soda inayageuza mafuta ya ngozi yake kuwa sabuni, kama igeuzavyo mawese. Uchungu huja baadaye, na unapokuja ngozi imekwisha kuliwa. Tuliporudi, mikono yake ilikuwa myekundu na imevimba. Tulimwuliza kwa nini hakuita mtu. Akajibu, «Mwalimu, nilifikiri ndiyo adhabu yenyewe.»

Mmoja wetu alikimbilia limau, akidhani ukali hutibiwa kwa ukali. Mama mmoja wa shirika letu, ambaye kutengeneza sabuni ndiyo kazi yake ya kila juma, akamzuia: «Acha limau, Baba. Maji. Maji tu, na mengi.» Akammiminia kijana maji kutoka bidoni hadi bidoni, karibu nusu saa, bila kutusemesha. Ndipo tukampeleka kituo cha afya. Mikono ilipona. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia alama imebaki hadi leo. Tunamshukuru Mungu kwamba tone halikuingia jichoni, maana soda kali ikiingia jichoni yaweza kulipofusha.

Sisi tulisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu hampi mwanafunzi kitu cha maabara kabla ya kukijaribu yeye mwenyewe, na kabla ya kueleza hatari yake. Tulilijua somo hilo kwa moyo, tukalisahau siku tuliyokasirika.

Baadaye tuliona yatupasa kujifunza upya, kwa utaratibu, jambo ambalo tulikuwa tumelivamia. Nanyi twawagawia tulichojifunza, maana rangi ya kupuliza sasa inapatikana kila mji. Kopo lake liliundwa Marekani mwaka 1949 na Edward Seymour, mfanyabiashara wa rangi wa jimbo la Illinois, na tangu hapo kuandika ukutani ni kazi ya dakika moja. Kufuta kumebaki kuwa kazi ya siku nyingi.

Rangi ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni unga wenye weusi au wekundu wake. Ya pili ni gundi inayoushika unga huo ukutani. Ya tatu ni kiyeyusho, ambacho huifanya rangi iwe maji na kisha huruka hewani ikikauka. Dawa zote za kufuta hupigana na gundi. Viyeyusho, kama asetoni na petroli, huilegeza gundi hadi iwe maji tena. Dawa za jamii ya soda huivunja gundi iliyotokana na mafuta, kwa njia ileile ya kutengeneza sabuni. Kwa hiyo gundi ya namna moja yaweza kushindwa na dawa ambayo gundi nyingine haiihisi kabisa. Hakuna dawa inayoiua rangi. Dawa huilegeza tu, na rangi iliyolegezwa lazima iende mahali fulani.

Hapo ndipo ukuta wenyewe unapouliza swali lake. Juu ya kioo, juu ya vigae vinavyong'aa, rangi haina mahali pa kuingia. Tambara na dawa kidogo vyatosha. Baadhi ya plastiki huyeyuka pamoja na rangi ukizigusa kwa asetoni. Jiwe la chokaa huliwa na asidi. Ukuta uliopakwa rangi tangu mwanzo mara nyingi ni heri kuupaka upya kuliko kuusugua. Bali tofali la kuchoma limejaa vitundu vidogo visivyoonekana. Petroli yetu iliiyeyusha rangi na kuisukuma ndani ya vitundu hivyo. Brashi ya waya ikaikwaruza ngozi ngumu ambayo tofali huipata tanuruni, na ngozi hiyo ikitoka, ndani ni laini na hunywa mvua. Soda tuliyoiacha bila kuisuuza vya kutosha ikatoka miezi iliyofuata kama unga mweupe wa chumvi juu ya ukuta. Tulitumia dawa mbili na brashi moja, na kila kimoja kiliharibu kwa namna yake.

Tulijifunza pia kwamba dawa yaweza kuwa nzuri kwa ukuta na mbaya kwa mtu. Kwa miaka mingi dawa iliyosifiwa kuliko zote kwa kuondoa rangi ilikuwa metileni kloridi. Hufanya kazi upesi sana. Lakini mvuke wake ukivutwa, mwili huugeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wafanyakazi wamekufa wakiondoa rangi ya mabafu katika vyumba visivyo na hewa. Umoja wa Ulaya uliizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida, na Marekani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Basi kopo lisilo na maandishi, lililomiminwa sokoni kutoka kopo jingine, msilinunue hata kama bei yake ni nusu.

Tulipokuwa tukijifunza hayo tulikutana na habari moja iliyotufundisha kuliko nyingine. Mwezi wa Oktoba 2012, katika jumba la sanaa la Tate Modern mjini London, mtu mmoja aliandika kwa wino mweusi wa waandishi wa kutani juu ya mchoro wa Mark Rothko uitwao «Black on Maroon», wa mwaka 1958. Wino ulipenya tabaka za rangi za mchoro. Mafundi hawakukimbilia dawa. Walitengeneza kwanza kitambaa cha mfano, wakakipaka rangi kama ya mchoro, wakakichafua kwa wino uleule, wakajaribu dawa nyingi juu yake, miezi mingi, kabla ya kugusa mchoro wenyewe. Kazi yote ilichukua miezi 18, na mchoro ulirudi mahali pake mwezi wa Mei 2014. Nasi tulikuwa tumempa mtoto wa watu saa nne.

Turudi kwenye ukuta wetu. Jumapili ile wageni walifika, na maneno yalisomeka. Weusi ulikuwa umegeuka kijivu, herufi zimenenepa, lakini hakuna aliyeshindwa kusoma. Kijana alikaa benchi la nyuma, mikono imefungwa bendeji, na kila mtu akauliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baada ya Misa, paroko alituita mbele, tukasoma hesabu za fedha ya vyoo, karatasi ya mabati mkononi. Kisha tuliomba msamaha mara mbili. Kwanza tuliwaomba wote waliochanga. Mara ya pili tulimwomba yeye, kwa jina lake, mbele ya wazazi wake. Hayo ya pili yalikuwa magumu zaidi. Baba yake hakutujibu siku ile, wala hatukuwa na haki ya kumdai jibu.

Miezi minane baadaye, vyoo vikiwa vimeanza kujengwa, kijana yule alikuja mwenyewe akatuambia kwamba angependa tuujaribu ukuta tena. Tulitaka kukataa. Akasema, «Safari hii tuufanye pamoja, Mwalimu.»

Tulichagua kwanza tofali moja la pembeni, tukajaribu, tukangoja siku mbili tuone. Tulivaa glavu za mpira mpaka viwikoni, miwani ya kufunika macho, na nguo za mikono mirefu, na bidoni mbili za maji safi zilikaa karibu kabla kopo halijafunguliwa. Tulichukua kiyeyusho chenye jina na maelezo, tukakichanganya na udongo mweupe laini hadi kikawa uji mzito, tukaubandika ukutani kama mama abandikavyo dawa juu ya jipu, tukaufunika kwa plastiki. Uji huo hukaa mahali pamoja, hauteremki mikononi. Tukiufunua na kuuacha ukauke, udongo huvuta nje rangi iliyojificha ndani ya vitundu. Tuliukwangua kwa kipande cha ubao, hatukugusa waya. Matofali ya chini tuliyalowesha kwanza kwa maji, ili uchafu unaoteremka usipate mahali pa kuingia. Tulirudia mara tano, Jumamosi tano.

Mengi yalitoka, lakini si yote. Ngozi ya tofali tuliyoikwaruza haitarudi, na ndiyo sababu mnaona pale pamepauka. Fundi mmoja alitushauri tupige lipu juu yake, yaishe. Kamati ilijadili, tukaamua kuuacha ukuta ulivyo.

Hatuwaambii kwamba ni vema kuandika ukutani usiku. Kijana mwenyewe leo asema angependelea kusimama na kuuliza mkutanoni. Nasi twajiuliza kama wakati ule tungempa nafasi ya kuuliza. Tangu mwaka ule hesabu za michango ya vijana husomwa kila miezi mitatu, nanyi mnajua kwamba baadhi yenu husinzia zikisomwa. Msisinzie.

Glavu zile mbili na miwani ziko katika kabati la ukumbi, rafu ya chini. Mtakapopewa kazi yoyote yenye dawa, iwe ni kufuta rangi au kusafisha vyoo, zivaeni kwanza. Na mkubwa akiwaambia kwamba hakuna haja, mwambieni kwa heshima kwamba sisi tumesema iko.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Katika kikundi chetu, nani anajua fedha tuliyochanga iko wapi? Asiyejua afanye nini, na amwulize nani?

2. Je, umewahi kuvumilia maumivu ukidhani ndiyo adhabu unayostahili? Ulimwambia nani?

3. Tafuteni nyumbani dawa tatu za kusafishia. Someni maandishi yaliyo juu yake, kisha mwelezane hatari ya kila moja na namna ya kujikinga. Isiyo na maandishi, mwulizeni aliyeinunua ametoa wapi.