Mnara Ambao Haukujengwa Tena



Mwaka jana Allah alinijaalia kufika Tokyo. Wenyeji wangu wakanipeleka kwenye Bustani ya Mashariki ya Kasri la Mfalme wa Japani. Kiingilio hakuna. Unavuka handaki la maji, unapita malango mazito na kuta za mawe makubwa, kisha unakuta majani mabichi, miti ya sakura, mianzi, na miti inayowakilisha mikoa yote ya nchi ile. Akina mama wamekaa chini na watoto wao.

Tafakari: hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Edo. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliishika Japani kutoka hapo kwa zaidi ya miaka 260, mpaka 1868. Mwaka 1968 bustani ikafunguliwa kwa watu wote. Ufalme ni wa Allah peke yake, humpa amtakaye na humvua amtakaye.

Lakini kilichonisimamisha ni jukwaa kubwa la mawe, juu yake hakuna kitu. Hapo ulisimama mnara mkuu wa ngome, uliokamilika mwaka 1638. Mwaka 1657 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mnara ukaungua. Wakaanza kuujenga upya. Mwaka uliofuata msingi wa mawe ukawa tayari. Ndipo Hoshina Masayuki, baba mdogo wa mtawala, akashauri waache. Mji umeungua, watu hawana makazi. Mnara wa nini? Akasikilizwa. Mpaka leo haujajengwa.

Mzee yule hakuwa Muislamu, lakini neno la haki ni la haki.

Sasa nikuulize wewe. Msikitini kwetu kuna fedha za mnara. Mvua za masika zimebomoa nyumba za majirani zetu, na wajane wanalala kwenye varanda za watu. Je, mnara utatuombea nini Siku ya Kiyama, ikiwa jirani alilala njaa chini ya kivuli chake?

Najua utasema: sheikh, fedha ile ni amana, imetolewa kwa mnara. Kweli kabisa. Kamati haina haki ya kuibadilishia njia bila idhini ya aliyetoa. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyechangia. Kabla ya Ijumaa, mwambie katibu wetu neno moja: naridhia, au siridhii. Ukisema hapana, fungu lako litabaki kwenye mnara, wala hakuna atakayekulaumu. Ukiridhia, litaezeka nyumba ya mjane.

Adhana itasikika hata bila mnara. Ya Allah, tujaalie kujua kipi kitangulie. Amin.